Mstari wa Daktari Sungura

Nipeni masikio, na mwenye kufuga kuku nyumbani asininunie, maana siwasemi kuku wake. Nawasema kuku wa Uani, walioishi enzi zile wanyama walipokuwa na ulimi kama wetu na haya pungufu kidogo.

Mwaka ule mvua iligoma. Masika yalipita na vumbi, vuli ikapita bila hata wingu la kutazama, mto ukabaki tope na visima vikabaki mashimo. Kijiji cha Uani kilikuwa na bahati moja tu, nayo ni pipa kubwa la maji ya mvua ya mwaka wa nyuma, lililosimama katikati ya uwanja. Pipa lenyewe lilikuwa na ufa chini. Maji yalichuruzika taratibu kutwa kucha, yakafanya dimbwi dogo la tope jeusi, na kando ya tope ukaota mchicha wa kijani kibichi, mchicha pekee uliobaki katika nchi nzima.

Basi kijiji kizima kikahamia pale penye ubaridi. Kuku walikunywa pale, wakala pale, wakalala pale, na walichokiacha nyuma ya mikia yao walikiacha palepale. Kisha waligeuka, wakaparua, wakadonoa. Hakuna aliyeona ubaya. Ukimuuliza kuku kwa nini anakula mahali alipojisaidia, atakuuliza wewe kwa nini unapoteza muda kwa maswali.

Ugonjwa haukukawia. Vilemba vya vichwani vilivyokuwa vyekundu vilipauka kama nyama iliyooshwa mno. Mayai yalikatika. Vifaranga walikula kama waliokodiwa kula, lakini wakabaki mifupa, matumbo yamevimba, mbawa zinaburuta, wakiharisha toka asubuhi hadi jioni. Kisha wakaanza kufa.

Bi Kishingo alitotoa kundi zima msimu ule, na sasa alikuwa amebaki na vifaranga wachache. Kama jina lake linavyosema, shingo yake ilikuwa wazi toka kifuani hadi shavuni, haina unyoya hata mmoja, na wenziwe hawakuchoka kumuuliza nguo ya shingoni kaiweka rehani kwa nani. Hilo alilizoea. Ambacho hakukizoea ni kuwakusanya wanawe chini ya mbawa jioni na kukuta mbawa zimekuwa pana kuliko watoto. Mdogo wao aliitwa Kidoti, kwa ajili ya doa jeusi la mgongoni. Kidoti naye alikuwa ameanza kuburuta mbawa, na mama yake aliogopa hata kusinzia.

Siku moja ya gulio, Sungura akabisha hodi. Alivaa koti jeupe lisilo na vifungo, akasimama kwa adabu mpakani mwa uwanja. Nyuma yake alikuja Fisi akichechemea, mkoba begani. Kuku waliruka juu ya pipa kwa makelele.

"Tulieni, waungwana," akasema Sungura. "Mimi ni daktari wa matumbo. Na huyu msimwogope, nimemwachisha nyama. Ni mchukuzi wangu, na pia ni mzishi."

"Mzishi wa nani?" akauliza Bi Madoa, kuku mnene mwenye madoadoa, ambaye habari za kijiji zilianzia kwake na kurudi kwake zikiwa zimeongezeka.

"Wa wale watakaochelewa kutibiwa, mama. Maiti haifai kulala nje."

Fisi aliinamisha kichwa kwa heshima. Mate yakamdondoka, na Sungura akaeleza kwamba ni machozi.

Juu ya ukingo wa pipa, upande wa kivuli, alikaa Bwana Kuchi, jogoo wa ukoo wa wapiganaji, mrefu wa miguu, aliyekuwa wa kwanza kunywa maji kila asubuhi na wa mwisho kufunga mdomo. Kilemba chake kilikuwa kimepauka kuliko cha mtu yeyote, na wiki nzima alikuwa akikaa kivulini ili kisionekane. Sungura alimtazama mara moja tu, akajua pa kupitia.

"Bwana mkubwa, naona kilemba chako kimeingia weupe. Hongera. Hiyo ni rangi ya watawala. Wekundu ni wa makabwela."

Bwana Kuchi akatoka kivulini. "Nilijua," akasema. "Mimi sina minyoo. Katika ukoo wetu hakuna jogoo aliyewahi kupata minyoo."

"Hata mmoja," akasema Sungura. "Lakini hawa wake zako na watoto wako, ninawahurumia."

"Watibu," akasema Bwana Kuchi, na kwa neno hilo Sungura akawa daktari wa Uani.

Matibabu yenyewe yalikuwa hivi. Mgonjwa hakuruhusiwa kunywa maji toka alfajiri. Kisha alipewa kikombe cha maji ya mwarobaini, machungu ya kukunja uso, kwa sababu mgonjwa asipokunja uso haamini kwamba katibiwa. Kisha daktari alimlaza kichwa chini, akachora mstari vumbini toka ncha ya mdomo kwenda mbele. Sasa ninyi mnaowajua kuku mnajua kilichofuata. Kuku ukimlaza hivyo ukamchorea mstari, huutumbulia macho na kuduwaa, asijue yuko wapi wala kwa nini. Akiwa ameduwaa hivyo, Sungura alitia mkono mkobani akatoa nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni ambao wavuvi huwatia kwenye ndoana, akawamwaga nyuma ya mkia wa mgonjwa.

"Mstari umewaita, wametoka!" akapiga kelele. "Geuka, mama, uone ulichokuwa umebeba!"

Mama akageuka, na pamoja naye kijiji kizima kikageuka. Nyungunyungu hawakupata hata nafasi ya kujikunja. Kuku walivamia wakipigana vikumbo, na kabla mgonjwa hajautazama vizuri ugonjwa wake, ugonjwa ulikuwa tumboni mwa majirani.

Sungura akasimama akapangusa mikono, akatoa masharti. Ufa wa pipa usizibwe, maana maji yale yanapoza matumbo. Tope lisifagiliwe, maana tope ndilo linalonyonya ugonjwa kupitia miguuni. Watakaokufa wakabidhiwe mzishi. Na malipo yake yeye, kwa kuwa ni mtu wa huruma, yatakuwa ule mchicha tu, ambao kwa vyovyote ni chakula cha wanyonge.

Kila gulio alirudi. Kila gulio aliondoka na mchicha, na Fisi aliondoka na maiti wadogo waliofungwa kwenye majani ya mgomba, wakiwamo wa Bi Kishingo, mpaka mama huyo akabaki na Kidoti tu. Kuku walishukuru sana.

Zamu ya Bi Kishingo ilipofika, naye alilazwa, akachorewa, akaduwaa, akageuka. Na naye alidonoa; siwezi kumtetea kwa hilo, njaa ilikuwa njaa. Lakini alipommeza yule mnyoo, ulimi wake ulikuta udongo wa mfinyanzi. Akasimama na mdomo wazi. Asubuhi ile mwanawe mmoja alipokufa alikuwa amekitazama kinyesi chake, na alichokiona mle kilikuwa cheupe, chembamba, kama tambi zilizochemshwa. Huyu aliyemmeza alikuwa mwekundu wa kahawia na ana mchanga tumboni.

Akamfuata Bi Madoa, aliyekuwa akipangusa mdomo kwenye jiwe.

"Mwenzangu, wale minyoo wa daktari umewaonaje?"

"Wanono."

"Hukuonja udongo?"

Bi Madoa akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kishingo, bibi we, mwaka huu ambao hata sisimizi wamehama, mtu anakuletea nyungunyungu mpaka mdomoni, nawe unauliza wametoka tumbo la nani?"

"Kwa hiyo unajua."

"Mimi sijui kitu. Na wewe usijue."

Ndipo Bi Kishingo alipong'amua kwamba wote walijua. Kuku gani asiyejua ladha ya nyungunyungu? Walijua toka gulio la kwanza, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe aseme ili yeye apate kumkatisha. Na watoto wao waliendelea kufa, kidogo kidogo, kati ya mlo na mlo.

Jioni ile Kidoti alikataa kutembea. Alijikunyata chini ya kifua cha mama yake akatetemeka. "Mama," akasema, "wenzangu wamezikwa wapi?"

Bi Kishingo hakujua. Hakuwahi kuuliza. Gulio lililofuata, Fisi alipoondoka na kifurushi chake cha majani ya mgomba, alimfuata nyuma, akijibanza toka kichaka hadi kichaka. Alitaka tu kuliona kaburi na kuliparulia mchanga mzuri juu yake, kama mama anavyopaswa kufanya.

Fisi alishuka hadi ukingo wa mto mkavu. Kaburi Bi Kishingo hakulikuta. Alikuta manyoya, laini, ya manjano na ya kahawia, yametapakaa juu ya mawe, na Fisi amekaa katikati yake akifungua kifurushi. Bi Kishingo aliuma ubawa wake mwenyewe ili asilie kwa sauti. Alilia hivyohivyo, bila sauti, mpaka macho yakamwasha.

Sungura alikuwa chini kwenye tope la mto, akichimbua nyungunyungu na kuwatia mkobani.

"Bosi," akasema Fisi huku akitafuna, "hawa ni mifupa mitupu. Huwezi kuwanenepesha kwanza?"

"Kifaranga mwenye minyoo hanenepi. Angenenepa asingekufa, na asingekufa usingempata. Kula."

Kisha Sungura akatoa mkobani chupa ndogo ya kahawia, akamimina kidogo kwenye kifuniko chake, akaongeza maji, akanywa na kutikisa masikio.

"Hiyo nini?"

"Dawa ya minyoo, ya kweli. Niliichukua kwenye duka la dawa za mifugo mwenye duka akiwa amenipa kisogo."

"Kwani unaumwa?"

"Sijaumwa na sitaki kuumwa. Ule mchicha umeota kwenye kinyesi, Fisi. Kila nikiula, nakunywa kinga."

Fisi alifikiri, kazi iliyomchosha kuliko kubeba mkoba. "Sasa kwa nini usiwape na wao?"

Sungura akacheka mpaka akakaa chini. "Njoo nikufundishe biashara. Nikiwapa dawa hii asubuhi wana kiu, kila ndoo ya maji kifuniko chake, na vifaranga chombo chao peke yao wasidhulumiwe na wakubwa, kifuniko nusu; kisha wakaziba ule ufa, wakafagia lile tope, wakahamia pakavu, na wiki chache baadaye wakarudia dawa, watapona wote. Wakipona, mimi nitakula mchicha gani? Na wewe utamzika nani?"

"Ni kweli," akasema Fisi, akaona jinsi bosi wake alivyo na akili. "Na yule wa mwisho wa Kishingo?"

"Gulio lijalo. Hafiki mbali."

Bi Kishingo alirudi nyumbani mbio kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Kidoti alikuwa hai. Akamfunika vizuri kwa nyasi kavu, akaenda moja kwa moja kwa Bi Madoa, akamweleza yote, unyoya kwa unyoya. Bi Madoa alisikiliza, na kwa muda alionekana kama mtu aliyepigwa kofi, kwa sababu naye alikuwa amepeleka watoto kwa mzishi yule.

"Pole sana," akasema mwishowe. "Pole kwangu na kwako. Lakini mwenzangu, usiliseme kwa sauti. Daktari akisikia anaweza asirudi."

Hapo Bi Kishingo alitulia kabisa. Aliona kwamba kuwaambia ukweli wenziwe ni kupoteza pumzi, maana ukweli wanao. Alihitaji mtu ambaye hawezi kunyamaza hata akitaka. Akainua macho juu ya pipa.

"Bwana Kuchi," akasema kwa unyenyekevu, "mimi si wa kupeleka maneno, lakini kijijini wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema unaogopa mstari wa daktari. Eti unajua siku ukilazwa, watakaotoka kwako hawatahesabika."

Bwana Kuchi alitetemeka kuanzia mkia. "Mimi? Gulio lijalo nitalazwa mbele ya wote, nao wataona kwamba hatoki hata mmoja!"

"Mimi niliwaambia hivyohivyo," akasema Bi Kishingo, akaenda zake.

Gulio likafika. Kidoti alikuwa hawezi tena kusimama. Mama yake alimweka ndani ya tenga, lile tundu la fito, akimsogezea maji kwa mdomo. Fisi alipopita alilitazama tenga kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa chumba alichokilipia.

Sungura alipoambiwa mgonjwa wa leo ni nani, alitabasamu. Kazi rahisi. Alimnywesha Bwana Kuchi mwarobaini, akamlaza kidogo tu ili asimvunjie heshima, akachora mstari mfupi, akasubiri, akainuka. "Safi! Hakuna kitu. Tumbo la kitawala!"

Bwana Kuchi alitazama kijiji chake kwa dharau. Lakini kijiji hakikuwa kikimtazama yeye. Kilikuwa kimekaa nyuma ya mkia wake, midomo wazi, kikingoja. Walikuwa wameambiana toka asubuhi kwamba jogoo mkubwa atakuwa na minyoo mikubwa.

"Hakuna?" akauliza Bi Madoa, na sauti yake ilikuwa ya msiba.

"Kama hakuna minyoo," akasema Bi Kishingo kwa utaratibu toka penye tenga, "basi leo hakuna kazi iliyofanyika. Na kama hakuna kazi, sijui mchicha ni wa nini."

Kuku walitazamana. Kisha mmoja akaanza, na wa pili akapokea, na mara uwanja mzima ukawa ukipiga kelele: "Hakuna minyoo, hakuna mchicha! Hakuna minyoo, hakuna mchicha!" Na baadhi yao walisimama mbele ya mchicha na kutandaza mbawa.

Sungura aliyaona majani yake yakipotea. Akamgeukia Bwana Kuchi kwa haraka. "Bwana mkubwa, mara moja tena, uthibitisho tu." Akamkandamiza kichwa, akachora mstari mrefu, mzito, wa kumtosha mbuni.

Lakini jogoo wa kupigana hakufundishwa kutazama mstari. Toka utotoni amefundishwa kutazama adui yuko upande gani. Jicho moja la Bwana Kuchi lilikuwa vumbini, na la pili lilikuwa juu, likazunguka, likauona mkono wa Sungura ukiingia mkobani na kutoka umejaa.

"Wametoka!" akapiga kelele Sungura.

"Yallah!" akapiga kelele Bi Madoa, tayari mmoja yuko mdomoni. "Rundo zima! Bwana Kuchi ana minyoo kuliko sisi wote!"

Uwanja ukaangua kicheko. Na Bwana Kuchi, ambaye angekubali kuitwa mwizi, mlevi au mjinga lakini siyo mwenye minyoo, aliruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Si wangu! Nimemwona! Kawatoa mkobani kwake, nyungunyungu wa mtoni, nimemwona kwa jicho langu hili!"

Lile jambo ambalo kila mmoja alilijua lilikuwa limesemwa kwa sauti, na sasa haikuwezekana tena kutolijua. Basi wakakasirika. Walikasirika kwa bidii, wakashangaa kwa bidii, wakaulizana tangu lini, na aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Bi Madoa, ingawa alishangaa huku akimalizia kumeza.

"Fisi," akasema Sungura polepole, "chukua mkoba twende."

"Na nyama yangu?" akasema Fisi.

"Baadaye."

"Uliniahidi leo. Yule wa kwenye tenga."

Kuku wote walilisikia hilo. Bi Kishingo alisimama mbele ya tenga, shingo yake tupu imenyooka, na nyuma yake wakaja akina mama wengine mmoja mmoja, na Bwana Kuchi akaja na makucha yake. Fisi alizitazama zile kucha. Kisha akamtazama Sungura, akamtazama kwa makini, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Bosi," akasema, "wewe umenenepa sana kwa ule mchicha."

Sungura hakungoja sentensi ya pili. Alitoka na koti lake likapeperuka, na Fisi akautupa mkoba ili apate kukimbia vizuri. Vumbi lao lilionekana mpaka ng'ambo ya mto.

Bi Kishingo hakuwatazama. Alikuwa ndani ya mkoba, akitupa nje nyungunyungu, ambao hawakufika chini, mpaka akaipata ile chupa ya kahawia.

Kesho yake asubuhi aliwazuia wote wasinywe maji, akatia dawa kwenye ndoo kwa kipimo alichokisikia mtoni. Ya vifaranga aliichanganya peke yake kwenye kifuu, kwa kipimo cha nusu kifuniko kwa ndoo, akakiweka ndani ya tenga, ambamo wadogo walipita kati ya fito na wakubwa waliishia kuingiza pua. Kuku walikunywa, wakanung'unika.

"Haina uchungu," akasema mmoja. "Itafanyaje kazi?"

"Na mstari hachori," akasema mwingine.

Bwana Kuchi alikataa kabisa. "Mimi sina minyoo."

"Nani kasema una minyoo?" akajibu Bi Kishingo. "Haya ni maji ya watawala. Nimekuwekea ya kwanza kabisa."

Akayanywa mpaka tone la mwisho. Siku ile nzima alionekana akienda nyuma ya kichaka na kurudi, uso umekunjamana, na hakumwambia mtu alichokiona huko.

Minyoo ilitoka, ya kweli, myeupe kama tambi. Na mtaniamini nikisema kuku walifanya nini? Waliikimbilia. Bi Kishingo alipigana nao kwa mbawa na mdomo, akimwaga majivu juu ya kila kinyesi, akitukana matusi ambayo kuku wa heshima hayajui. "Mmetoka kuiharisha na sasa mnairudisha? Ondokeni! Pakavu, nendeni pakavu!" Aliziba ufa wa pipa kwa udongo wa mfinyanzi, akaanza kulikokota lile tope kulitoa uwanjani. Aliyemsaidia alikuwa Bi Madoa, bila kusema neno, na huo ndio ulikuwa msamaha pekee aliouomba.

Kidoti alikuwa amekunywa mikupuo miwili tu. Mchana alilala ubavu, macho nusu. Bi Kishingo aliingiza shingo kati ya fito, akailaza karibu naye, na kwa mara ya kwanza aliona faida ya shingo isiyo na manyoya, maana alilisikia joto la mwanawe na kila pumzi yake. Alikaa hivyo akiomba isikatike. Kulipokucha, penye nyasi palikuwa na kijifundo cheupe cha minyoo, na Kidoti alikuwa amesimama, miguu imetanuka, anatikisika.

"Mama," akasema, "njaa."

Bi Kishingo alicheka na kulia kwa pamoja, akamletea mtama.

Wiki kadhaa baadaye, dawa ilikuwa imeshakaribia kurudiwa. Vilemba vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu, na Bwana Kuchi aliwaeleza wageni jinsi yeye peke yake, kwa akili zake, alivyomfichua tapeli. Kuku wengine walianza kulalamika kidogo. Walisema afya ni nzuri, lakini siku za daktari mtu alikuwa akishiba.

Asubuhi moja Sungura akatokea mpakani. Hakuwa na koti wala mkia, kwa sababu mkia alikuwa amemwachia Fisi. Mbavu zilihesabika na tumbo limevimba. Mchicha wa mwisho aliokuwa ameuweka akiba aliula bila kinga, maana kinga aliiacha mkobani.

"Dada Kishingo," akasema, "tone moja."

Bi Kishingo alimtazama muda mrefu. Aliyakumbuka yale manyoya ya manjano juu ya mawe, na hakuna mtu angemlaumu kama angemwita Fisi.

"Umekunywa maji leo?"

"Sijanywa."

"Vizuri. Ufagio ule pale. Anza chini ya pipa, uende mpaka kule mwisho, na kesho tena, na kila siku. Ukimaliza leo utapata dawa."

Sungura akafagia kinyesi cha kuku mpaka jua likawa la utosi, masikio yananing'inia. Alipomaliza, Bi Kishingo alimpa kifuniko chake, dawa ya kweli, kipimo kamili. Kisha akamwinamisha kichwa mpaka vumbini, akachora kwa ukucha mstari mmoja, mrefu, mbele ya pua yake.

"Utazame huo," akasema. "Usiinuke mpaka nikuambie."

Sungura aliutazama. Na taratibu, mmoja mmoja, bila kuitwa na mtu, kuku wa Uani walikuja wakakaa nyuma yake kwa nidhamu, Bi Madoa mbele kabisa, midomo imefunguka tayari.

"Mama," akauliza Kidoti, "hawa wanangoja nini?"

"Wanamngoja daktari, mwanangu," akasema Bi Kishingo, akaenda kuuchukua ufagio awafukuze.

Na mimi hapo niliondoka, kabla ufagio haujanifikia.